Viwavi wa Anthwerrke na Michoro ya Kolo

Jumamosi iliyopita nilifika Anthwerrke, korongo lililo kama kilomita 10 mashariki mwa Alice Springs, katikati ya jangwa la Australia, ambalo ramani huliita Emily Gap. Mto wake ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ng'ambo ya mchanga huo, ukutani, kuna mistari mirefu myekundu na myeupe iliyochorwa na Waarrernte, wenyeji asilia wa hapo, kwa ajili ya viwavi, wahenga wao, ambao kwa imani yao walitokea hapo na kutambaa huku wakiiumba nchi inayouzunguka mji. Nilipoinua simu nipige picha, mama mmoja Mwarrernte ninayefanya naye kazi, aliyenipeleka huko, alinigusa mkono akatikisa kichwa. Simu ikarudi mfukoni, na wageni wawili waliokuwa nyuma yetu wakazirudisha za kwao bila kuuliza neno.

Tangu siku hiyo moyo wangu uko Kolo, kwetu Kondoa, Tanzania, kwenye michoro ya kale ya mwambani. Mimi ni mtu wa Kondoa, na michoro yetu, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, haiuonei haya ukuta wowote wa dunia hii. Lakini, ndugu zangu wa Kondoa, mashimo ya wanaotafuta mali inayosemekana Wajerumani waliificha huko mnayajua, na majina yaliyokwaruzwa mwambani mnayajua. Linaloniuma zaidi ni kwamba wazee wanaokwenda Mongomi, mojawapo ya miamba hiyo yenye michoro, kuomba mvua tunawaita washirikina, kisha tunampokea mgeni na kumsimulia habari zao kana kwamba wamekwisha kufa.

Mtasema nimelewa ugeni, kwamba aliyeikimbia nchi hana haki ya kuikosoa. Sikuikimbia, nilifuata riziki, na kila mwezi sehemu ya riziki hiyo inarudi Kondoa. Wengine wataniuliza kama nimesahau Juukan, huku huku Australia, ambako mwezi Mei 2020 kampuni ya madini ililipua mapango yenye dalili za maisha ya watu wa miaka 46,000 iliyopita, tena kwa kibali cha sheria. Sijasahau, wala siisifu serikali ya huku, kwa maana majirani zangu Waarrernte walinyang'anywa ardhi na maumivu hayo nayaona kila siku kazini. Ninachokisifu ni neno la mwenyeji kupewa uzito wake, hata kama limechelewa: Waanangu, wenyeji asilia wa Uluru, waliwasihi wageni kwa miaka mingi wasiupande mwamba huo, na tarehe 26 Oktoba 2019 njia ikafungwa moja kwa moja, ilhali watalii wanaendelea kuja.

Jioni ile nilimpigia baba mdogo simu nikamsimulia habari za yule mama. Aliniuliza ana cheo gani hata wageni wamtii namna hiyo. Nikamjibu kwamba hana cheo, ila pale ni kwao. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba mwaka huu naye atapanda Mongomi pamoja na wazee, mchana, watu wakimwona.