Mpiga debe aliyekaa kiti cha abiria

Mpiga debe wa Mbagala anayeita abiria mlangoni hamdanganyi mtu. Kila mmoja anajua analipwa na konda. Anayeudhi ni yule aliyekaa ndani akijifanya abiria ili tuone gari limejaa, kisha anashuka tukishakaa. Namkumbuka huyo kila ninaposikia vijiweni Kariakoo watu wakimwita chawa, yaani msifiaji wa kulipwa, yeyote anayeisemea serikali ya nje, awe mwandishi, mchambuzi au mtu wa kampuni ya uhusiano wa umma.

Shaka hiyo ina historia. Oktoba 10, 1990, mjini Washington, binti wa miaka 15 aliyetajwa kwa jina moja tu, Nayirah, aliwaambia wabunge huku akilia kwamba aliwaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto kwenye mashine za njiti hospitalini Kuwait na kuwaacha wafe sakafuni. Januari iliyofuata Marekani na washirika wake wakaanza kuipiga Iraq. Mwaka 1992 ndipo umma ulipojua kuwa Nayirah ni binti wa balozi wa Kuwait nchini Marekani, na kwamba nyuma yake ilikuwepo kampuni ya uhusiano wa umma ya Hill & Knowlton, iliyolipwa zaidi ya dola milioni 10 na kikundi kilichojiita cha raia wakati karibu fedha zake zote zilitoka serikali ya Kuwait. Kinachoniuma ni kwamba Kuwait ilikuwa imevamiwa kweli, na watu wake waliteswa kweli. Dhuluma ya kweli ilibebeshwa ushahidi wa kupangwa, na wengi leo wanachokumbuka ni ule uongo.

Hata hivyo sikubali kwamba kuisemea nchi ugenini ni dhambi. Machi 1955 Nyerere alikwenda New York kuisemea Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa michango ya wana-TANU, na hakuficha katumwa na nani. Utasema yeye hakuwa akifanya biashara, na ni kweli. Lakini wakili naye hulipwa, na mahakama humsikiliza kwa sababu inamjua mteja wake. Nchi ndogo inayotaka kusikika Brussels au Washington inahitaji mtu anayeijua milango ya huko.

Marekani tangu 1938, kwa hofu ya propaganda ya Wanazi, inamtaka mtu wa kazi hiyo ajiandikishe na kutaja mwajiri wake na malipo. Sheria hiyo ilikuwepo hata siku Nayirah alipolia, kwa hiyo daftari peke yake halizuii uongo. Tena linaweza kugeuzwa rungu. Urusi tangu 2012 imezibandika asasi, na baadaye waandishi, jina la “wakala wa kigeni” kwa kupokea fedha za nje. Hapa Dar, ambako asasi nyingi zinaishi kwa fedha za wafadhili, sheria ya namna hiyo ingeanza na wanaotetea wafungwa na wakulima, na kampuni zenye mikataba minono zingepita pembeni.

Ndiyo maana ningeanzia chumba cha habari kabla ya Bunge. Makala ikiletwa inaisifu serikali ya nje, ikiwa na jina la msomi wetu wa hapa hapa, mhariri amuulize nani kamlipa, na jibu lichapwe chini ya jina lake kwa herufi za ukubwa uleule. Asiyetaka kujibu, makala yake isitoke.