Kiboko hana kosa, tuulize maji yamekwenda wapi

Nimesoma habari ya utafiti wa 2018 kuhusu kinyesi cha viboko na kupungua kwa samaki katika Mto Ruaha Mkuu. Naomba tusiwalaumu viboko jamani. Mto ukitiririka, kinyesi hicho ni mbolea, samaki wanapata chakula. Balaa ni kiangazi. Tangu 1993 mto unakauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yanabaki madimbwi tu. Viboko wanajazana humo, kinyesi kinarundikana, oksijeni inaisha majini, samaki wanapungua kwa idadi na kwa aina.

Sisi wa Dodoma inatuhusu, maana mto huohuo ndio unaoingia Bwawa la Mtera. Kila Jumamosi nanunua perege wa Mtera sokoni. Juzi mama muuzaji amenipimia visamaki vya ukubwa wa kiganja, nimempasua mmoja jikoni, tumbo limejaa mayai. Iliniuma sana, kuvuliwa kabla ya kutaga.

Ili maji yarudi mtoni, tuanzie juu kule bonde la Usangu, Mbeya, kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga. Mfereji usio na lango unanyonya mto hata mpunga ukishavunwa, na maji yanapotelea ardhini bure. Malango yajengwe, na yafungwe kiangazi.