Maikrowevu kwenye gari la kulala: kusini anayeihitaji ni nani?

Rafiki yangu mmoja wa Mtwara mjini, kusini mwa Tanzania, amenunua basi dogo kuukuu aina ya Coaster, ameng'oa viti vyote, na fundi seremala anamtengenezea kitanda, kabati na meza ya kukunja. Msimu wa korosho ukifika kazi yake ni kufuatilia mizigo kwenye maghala ya AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, leo Tandahimba, kesho Newala, keshokutwa Nachingwea, na amechoka kufika mahali saa tatu usiku akaambiwa gesti zote zimejaa. Nje ya msimu anataka kwenda na familia Msimbati na Kilwa. Gari linakaribia kukamilika, ila yeye na mkewe wamekwama kwenye jambo moja. Mke anataka maikrowevu. Mume anasema hiyo ni kumaliza hela na betri. Kila mmoja amenipigia simu kwa wakati wake akitaka nimuunge mkono.

Naanza na hoja za shemeji, kwa kuwa mumewe anazipuuza haraka mno. Ndani ya Coaster hiyo kuna plaiwudi, godoro la sponji, mapazia na watoto wawili, vyote katika upana wa kama mita mbili. Ukiwasha jiko la gesi humo, moto na pazia vinatenganishwa na urefu wa mkono. Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani, inatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kitanda mpaka atokee mtu wa kuwasha kiberiti. Ndiyo maana karavani za Ulaya zenye majiko ya gesi huwa na matundu ya kudumu sakafuni, yasiyoruhusiwa kuzibwa, na mengine juu ya kupitisha hewa. Fundi wa rafiki yangu hakutoboa hata moja. Juu ya hayo kuna monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hutokea moto unapowaka mahali penye hewa finyu, hasa moto wa mkaa, na huua watu wakiwa usingizini.

Maikrowevu haina mwali, haina moshi, na ukifungua mlango inazima yenyewe. Mvua ya masika ikishuka saa mbili usiku huna haja ya kutoka nje na jiko. Mwezi wa Julai, kusi inapovuma ufukweni Msimbati, mwali wa jiko lililowekwa nje unalala upande mmoja, joto linakwenda baharini, na maji ya chai yanakaa jikoni mpaka watoto wanaanza kulia. Mama aliyekwisha kupika katika hali hiyo akitaka kisanduku cha kubonyeza kitufe, si haki kumwambia anapenda anasa.

Kuna sababu yake moja tu nisiyoikubali, ya kupashia maziwa ya mtoto wao wa mwisho. Mawimbi ya maikrowevu huingia kwenye chakula sentimita chache tu, na hayapigi kila mahali kwa nguvu sawa. Chupa inaweza kuwa vuguvugu mkononi huku katikati maziwa yakiwa ya kuunguza ulimi. Maziwa ya mtoto yapashwe kwa kuweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, na maji hayo yanatoka kwenye chupa ya chai.

Sasa umeme, ambako mume ana hoja nzito, ingawa yeye mwenyewe anaieleza vibaya.

Uingereza, mtu mwenye karavani akifika kambini anakuta nguzo fupi yenye soketi, anachomeka waya wake na kupata ampea 10 au 16 za umeme wa volti 230. Ampea 10 ni wati 2,300, zinazotosha maikrowevu na taa, na bado kuna akiba. Katika kambi nyingine za bara Ulaya wanakupa ampea 6, na hapo ukiwasha birika pamoja na maikrowevu swichi inaruka. Kwa hiyo hata huko, swali la kubeba maikrowevu ni swali la mahali unapolala. Kwetu, kati ya Nangurukuru na Mtambaswala, huwezi kupanga safari ukihesabu nguzo za namna hiyo. Utalala kwenye uwanja wa gesti, nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye kiwanja cha ndugu, au ufukweni pasipo na chochote.

Pasipo na plagi inabaki betri. Maikrowevu ndogo ya lita 20 iliyoandikwa wati 700 hutoa wati hizo kwenye chakula, lakini yenyewe inavuta kama wati 1,100 ukutani. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo inapoteza asilimia kama kumi, kwa hiyo betri ya volti 12 inadaiwa karibu ampea 100 kwa mkupuo mmoja. Rafiki yangu anasema itamaliza betri, na hapo ndipo anapokosea. Dakika sita za kupasha sahani mbili zinakula Ah (ampea-saa) 10 tu. Sola ya wati 200 kwa jua la Mtwara inazirudisha kabla ya adhuhuri. Kinachosumbua ni ule mkupuo. Betri ya kawaida ya asidi, ya Ah 100, ikidaiwa ampea 100 inashuka volti papo hapo, inveta inaanza kulia pii pii pii, na baada ya muda mfupi inajizima huku chakula kikiwa bado baridi katikati. Kuondoa tatizo hilo kunahitaji betri mbili au zaidi, au betri ya lithiamu, inveta ya wati 2,000 inayotoa umeme wa mawimbi safi, laini kama wa ukutani, na nyaya za betri nene na fupi. Inveta za bei rahisi, ambazo umeme wake hupanda na kushuka kwa ngazi, huifanya maikrowevu ingurume, ipate joto zaidi na kupasha kwa nguvu pungufu. Jenereta ndogo ya kVA 1 haitoshi kabisa. Ukijumlisha, maikrowevu yenyewe ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika orodha hiyo.

Linganisha na mtungi wa gesi wa kilo 6, ule unaouona kila duka kuanzia Ligula hadi Masasi. Ndani yake kuna joto linalolingana na zaidi ya yuniti 70 za umeme (kilowati-saa). Hata nusu yake ikipotea pembeni mwa sufuria, zinabaki zaidi ya 35. Betri ya Ah 100 ikijaa pomoni ina yuniti 1.2, na ya asidi hutakiwi kutumia zaidi ya nusu yake ukitaka idumu.

Hapo wengi huishia, wakahukumu kwa umeme peke yake. Mimi naona swali kubwa zaidi ni chakula chenyewe. Watu wa huku tunakula nini safarini? Samaki aliyenunuliwa asubuhi hiyo hiyo, pweza, ugali wa muhogo, kisamvu, wali wa nazi. Ukipita njia panda ya Mnazi Mmoja utanunua samaki wa kukaanga, na msimu wake ukifika utapata ming'oko ya kuchemsha ya kutafuna njiani na chumvi. Kisamvu kinataka kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu ili kiive na sumu ya muhogo iishe. Pweza anataka sufuria na subira. Ugali unataka mwiko na moto wa chini. Hakuna kati ya hivyo ambacho maikrowevu inakipika kwa namna ambayo mama wa Kimakonde angekubali kukiweka mezani. Jiko lazima liwemo kwenye gari, na maikrowevu inabaki na kazi moja ya kupasha kilichobaki.

Na kilichobaki kimelala wapi? Novemba, msimu wa korosho umepamba moto, gari lililofungwa linaweza kupita nyuzi 35 ndani. Wali uliopikwa mchana ukakaa humo kwenye sufuria hadi usiku unaweza kuwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukipoa polepole mbegu zinaamka, zinazaana na kutoa sumu. Ukiupasha unaua bakteria wenyewe, lakini sumu inayomtapisha mtu haiharibiki kwa joto la kupasha. Wali unafuka moshi, unanukia nazi vizuri kabisa, na baada ya saa chache watoto wanatapika porini kilomita nyingi kutoka zahanati iliyo karibu.

Kwa sababu hiyo nimemwambia shemeji waziwazi kwamba maikrowevu bila friji ni ya hatari, kwa kuwa inampa mtu ujasiri wa kula kiporo ambacho kilistahili kutupwa. Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa inavuta wati 45 hadi 60 inapofanya kazi, na kwa joto la pwani itakula kama Ah 30 hadi 50 kwa siku. Hizo ndizo Ah ninazozililia. Friji inamtunzia samaki wa Mikindani mpaka afike Newala, na inamhifadhia maziwa na dawa. Iwapo betri inabeba kimoja tu, ibebe friji.

Ipo pia njia ambayo tayari imo kwenye kila nyumba ya Mtwara, nayo ni hotpoti. Wali na mchuzi vikiingia humo vikiwa vya moto sana, na kifuniko kikabanwa sawasawa, familia itakula chakula cha moto saa nne baadaye bila yuniti hata moja, na chakula hakitakuwa kimekaa katika uvuguvugu ule wanaoupenda bakteria. Mama anayepika saa kumi jioni, upepo ukiwa umetulia, akafunga hotpoti, amekwisha kulitatua tatizo la mvua ya usiku na la moto ndani ya gari. Naamini hotpoti inaziba sehemu kubwa ya lile shemeji analolitafuta kwenye maikrowevu.

Barabara nayo isisahaulike. Kutoka Mtwara hadi Mnivata kuna lami, kilomita 50. Ukivuka maeneo ya lami na kuingia njia za vijijini kwenye maghala, gari linatikisika mpaka misumari inajitokeza. Maikrowevu ya nyumbani haikutengenezwa kwa mtikisiko huo. Ina transfoma nzito upande mmoja, ina sumaku ndani ya kifaa kinachozalisha mawimbi ambazo zinaweza kupasuka kwa kugongwagongwa, na ina sahani ya kioo iliyoegeshwa tu. Chumvi ya hewa ya bahari inamalizia kazi kwa kutu.

Na kuna siku ambazo hakuna mpango unaosimama. Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga, na magari yakakwama, mengine kwa siku kadhaa. Fikiria uko kwenye foleni ile, mawingu yamefunika jua, sola haitoi kitu, na huna plagi. Mwenye mtungi wa kilo 6 na unga anapika, na jirani yake anakula. Kwa gari la kusini naipima kila kifaa kwa siku kama ile, na maikrowevu inaanguka.

Je, mume ameshinda? Kwa gari lake la kuzunguka, ndiyo, lakini si kwa kila gari. Ukiwa na karavani au kontena la magurudumu unaloliegesha mahali pamoja mwezi mzima, kwa mfano kwenye uwanja wa ghala au wa gesti, ukiwa na umeme wa kuchomeka na friji inayofanya kazi, maikrowevu inajilipa. Mzee anayeishi peke yake, mikono inamtetemeka na moto umeshakuwa hatari kwake, namshauri aiweke bila kusita. Mtu anayerudi usiku wa manane baada ya kupakia magunia naye ana haki ya kula chakula cha moto bila kuanza kuhangaika na jiko.

Nilichowashauri wawili hawa ni hiki. Hela ya kwanza iende kwenye matundu ya sakafuni na ya juu, na kwenye kabati la mtungi lenye mlango wa kufungukia nje. Ya pili iende kwenye friji. Fundi aache rafu ya chini, karibu na tairi la nyuma ambako mtikisiko si mkali sana kama kule mwisho kabisa wa gari, yenye nafasi ya sentimita kadhaa kila upande kwa ajili ya hewa, na soketi inayopata umeme wa nje peke yake, isiyopitia inveta. Nyumbani kwao tayari kuna maikrowevu. Wakijua wanakwenda kukaa wiki nzima uwanjani Newala penye plagi, waipakie, wakiitoa sahani ya kioo na kuifunga ndani ya khanga kabla gari halijaondoka. Wakienda Msimbati, ibaki nyumbani.

Waya wa kuvutia umeme uwe wa milimita za mraba 2.5, na ukunjuliwe wote kabla ya kuwasha, kwa kuwa ukibaki umezungushwa kwenye roli unapata joto mpaka plastiki inayeyuka. Na kabla ya kuchomeka, rafiki yangu aongee na mwenye uwanja kuhusu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Dakika kumi za maikrowevu kwa siku hazifiki hata yuniti 0.2, friji itakula zaidi ya hapo, lakini mwenye gesti akiona mgeni anawasha mashine jikoni mwa gari atahisi anamalizwa. Heri wakubaliane bei ya usiku mmoja mapema, na alipe kabla ya kulala.