50 Cent: risasi zilimtoa, au zilimchelewesha?

Mtaje rapa wa Marekani 50 Cent mbele ya mashabiki wa hip hop, na kabla hujamaliza mtu atakukumbusha risasi 9. Zilimpata Mei 24, 2000, akiwa kwenye gari nje ya nyumba ya bibi yake, South Jamaica, Queens, jijini New York. Wapo wanaoapa kwamba ndizo zilizomtoa, yaani zilizompa umaarufu.

Hawabahatishi. Moja ilimpasua shavu la kushoto, na jeraha hilo likambadilishia sauti. Ule uchanaji wa kivivu, maneno yakiburuzwa, umetokana na hapo. Tazama pia jalada la albamu yake Get Rich or Die Tryin' ya 2003: jamaa kifua wazi, mbele yake kioo chenye tundu la risasi. Lebo yake ya muziki ilijua inauza nini. Wiki ya kwanza zilitoka nakala 872,000.

Ila simulizi hiyo inaruka mengi. Curtis Jackson, ndilo jina lake halisi, alifiwa na mama, aliyekuwa muuza dawa za kulevya, akiwa na miaka 8. Akiwa na miaka 12 naye alishaanza kuuza. Kazi ya muziki alifundishwa 1996 na Jam Master Jay, DJ wa kundi la Run-DMC: namna ya kuhesabu mistari, kupanga korasi, kuusimamisha wimbo mzima. Mwaka 1999, akiwa lebo ya Columbia, akatoa "How to Rob", ngoma ya utani anayoeleza jinsi angewapora mastaa, kwa majina yao. Jay-Z akamjibu jukwaani. Kwa msanii mchanga, hilo ni tangazo la bure, na risasi hata moja ilikuwa bado.

Zilipokuja, zilimkosesha kazi. Columbia wakamtema, na albamu yake Power of the Dollar ikaishia kabatini. (Hapa wale wa "risasi zilimtoa" huwa wanakohoa kidogo.)

Alichofanya baadaye ndicho ninachokipa uzito. Yeye na wenzake wa kundi lake la G-Unit walichukua biti za ngoma zinazovuma, wakaziwekea korasi zao, wakazimwaga mitaani kama mikstepu (mikusanyo ya ngoma isiyo rasmi) bila kusubiri lebo yoyote. Mwaka 2002 mikstepu yake Guess Who's Back? ikamfikia rapa Eminem, akamshirikisha prodyuza Dr. Dre, na mkataba wa dola milioni 1 ukasainiwa.

Kovu lililowakimbiza Columbia ndilo lililowekwa sokoni na mabosi wapya. Tofauti ni kwamba safari hii New York nzima ilishakariri korasi zake.