Boti Haikufa, Acheni Uongo

Kabla hamjaendelea kutumiana hadithi ya sahibu yangu, kwamba mashine ilinifia baharini nikamshika mama mkwe mikono nikalia: sikulia. Hayo mengine nitaeleza.

Wakwe walikuja kutoka Voi, na boti hawajawahi kuipanda. Mama mkwe kutia mguu tu akauliza, "Baba, nishike wapi?" Nami kwa adabu za ukwe nikajibu, "Shika popote, mama, boti ni yako."

Tukatoka Mji wa Kale, Mombasa, mpaka chini ya daraja la Nyali. Wakati wa kurudi nikazima mashine mkabala wa Bandari ya Zamani ili watu wapige picha. Picha zikapigwa, viazi karai vikaliwa, nikazungusha ufunguo. Kimya. Si ile ya mashine kuzunguka ikagoma kuwaka, la. Stata, ile mota ya kuiamsha mashine, haikugeuka kabisa.

Basi nikajitia ufundi. (Mafundi wa kweli mlioko humu, nisahihisheni mkishamaliza kucheka.) Nikawaeleza wakwe kwa sauti ya mhadhiri: betri ikilegea utasikia tik-tik-tik na taa zitafifia. Nikawasha taa, zikameremeta. Pampu ya kutoa maji ikanguruma vizuri. Nikakwangua kutu ya kijani kwenye vichwa vya betri kwa kisu cha maembe. Kimya. Nikachomoa fyuzi ya ampea 20, nikaipandisha juani, waya wake mzima. Kimya. Kamba nyekundu ya kuzimia mashine nayo ipo mahali pake.

Wakati huo maji yanakupwa, tena bamvua. Asiyeijua bamvua ajue kwamba hapa kwetu maji hushuka zaidi ya mita 3, na yote ya mkondo ule hutokea mlango mmoja. Nanga niliitupa kwa madaha, kamba ikaisha kabla haijagusa chini. Tukaanza kutoka kinyumenyume, tezi mbele omo nyuma, polepole kama jeneza, tukipita chini ya Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593 wavilinde vyombo vyao na bandari. Siku hiyo juu ya kuta walikuwako watalii na simu zao, na chombo chao kilikuwa mimi. Nikawapungia mkono, maana ningefanya nini? Sahibu yangu akaninong'oneza, "Tabasamu, wanachukua video." Kule tunakokwenda, mawimbi yanavunjika mwambani, meupe kabisa.

Hapo ndipo nikakumbuka kuna swichi moja ndogo inayoizuia stata isigeuke mpaka gia iwe nyutro, yaani haijaingia mbele wala nyuma, ili boti isikurupuke na watu. Nikageuka kuutazama mkono wa gia.

Sikuuona. Niliuona mkono wa mama mkwe.

Hina mbichi, pete, tasbihi imezungushwa kifundoni. Vidole vimeukaza mpini, na kile kidude cha chini cha kuachilia gia amekibana barabara. Kila wimbi likitutikisa anavuta dua na kusukuma mbele kidogo. Gia ilikuwa imeshaingia zamani. Sahibu yangu, nimekuja kujua baadaye, alikuwa amemwona muda wote, ila akasema yeye hawezi kumkemea mkwe wa mwenzake.

"Mama, naomba uachie hapo."

"Nikiachia nitaanguka."

"Shika huku, mama."

"Si ulisema boti ni yangu?"

"Ni yako, mama."

"Basi."

Ikabidi nipige magoti. Nikaushika ule mkono nikaanza kubandua vidole, kimoja kimoja. Nikitoa cha shahada, gumba linarudi. Nikitoa gumba, wimbi linakuja, vyote vinarudi pamoja na dua upya. Jasho linanichuruzika mpaka kidevuni. Hilo ndilo huyo mbeya analoliita machozi. Baba mkwe, ambaye hakuwa ametamka neno, akakohoa. Juu ukutani watalii wametulia tuli. Nadhani waliona naposa. Mke wangu kajifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika, na mpaka leo anaapa kwamba alikuwa akiomba Mungu.

Kidole cha mwisho kikatoka. Gia nyutro, ufunguo, mashine ikaitika mara moja, wala haikuwa na kinyongo. Tukarudi, tukashuka, baba mkwe akauliza treni ya jioni inaondoka saa ngapi. Basi, hayo yameisha.

Ila mama mkwe amefurahi wallahi. Jana kapiga simu: sikukuu ya Idi anakuja na dada zake wote, nikawazungushe, na pa kushika atawaonyesha yeye mwenyewe.