Punguza vyombo kwanza, upana wa wimbo utakuja wenyewe

Hapa Mtwara siku hizi vyumba vya kurekodia viko kila mtaa, laptopu moja, maiki moja, godoro limeegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, na vijana wanaimba kwelikweli, kwenye hilo sibishani na mtu. Shida iko kwenye miksi, yaani pale sauti zote zilizorekodiwa zinapochanganywa kuwa wimbo mmoja. Nyimbo nyingi ninazotumiwa nisikilize zimejaa mpaka pomoni, kinanda, gitaa, filimbi, makofi, sauti za kuitikia, vyote vinalia tangu mwanzo mpaka mwisho, halafu prodyuza akiona wimbo umebanana anaenda kuweka plagini, kiprogramu cha ziada cha kutanua stereo, kwenye masta nzima, yaani wimbo wote ukishaunganishwa. Mi naona hapo ndo tunapoua kazi nzuri.

Upana unatokana na tofauti. Sikio likipata kitu kushoto ambacho kulia hakipo, ndo linasikia nafasi. Sasa kama kila chombo kipo kushoto na kulia kwa kiwango kilekile, hata ukivaa hedifoni ya bei mbaya utasikia rundo moja limekaa katikati.

Juzi kijana mmoja wa Chikongola kanitumia wimbo wake, kwenye hedifoni gitaa limetanuka safi kabisa, nikaupiga kwenye spika ya simu, gitaa likawa jembamba na nusu yake haipo. Kumbe alirekodi mara moja, akakopi ile treki, moja akaitupa kushoto nyingine kulia, ya kulia akaichelewesha milisekunde kadhaa. Simu nyingi tunazotumia zina spika moja, kwa hiyo kushoto na kulia vinajumlishwa, na sauti ileile ikikutana na nakala yake iliyochelewa, baadhi ya masafa yanafutana. Dawa yake ni kupiga gitaa mara mbili kweli. Mkono wa mtu haurudii sawasawa, hizo tofauti ndogondogo ndo zinatanua wimbo na ukija kwenye mono, yaani kushoto na kulia vikiwa sauti moja, gitaa linabaki zima. Tukarekodi tena, safari hii ya pili akapiga kodi zilezile juu zaidi kwenye shingo ya gitaa, na kwenye vesi tukaacha gitaa moja tu limekaa karibu na katikati, la pili likasubiri kiitikio. Kiitikio kilipoingia kikafunguka chenyewe, na hatujagusa volyumu!

Mpangilio kwanza, miksi baadaye, na huku kwetu hilo tulipaswa kulijua kuliko watu wengi maana sindimba, ngoma yetu ya Wamakonde, tumeikuta. Kaa karibu na wapigaji usikilize vizuri, ngoma ndogo inashika mwendo, ile kubwa inaingia na kujibu, kila moja ina sauti yake na zamu yake, wala hakuna anayempigia mwenzake kelele. Kwa nini tukikaa mbele ya laptopu tunasahau?

Vya chini havina mjadala sana: kiki (ile ngoma nzito ya chini), besi na sauti kuu viache katikati, kila kilicho chini ya kama hetzi 100 (hetzi ndo kipimo cha masafa, namba ikiwa ndogo sauti ni nzito) kiwe mono, na sauti ya mwimbaji ikate chini ya hetzi 80 hivi, pale hamna uimbaji, pana ngurumo ya feni na pikipiki za nje. Ukiona wimbo una ukungu, angalia hetzi 200 mpaka 400, ndo vyombo vingi vinapogombania hapo. Na kuminya masta ili wimbo uwe na kelele kuliko wa mwenzako haisaidii sana, Spotify kwa kawaida inauleta kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo) na YouTube nayo inashusha nyimbo zilizozidi, kwa hiyo unabaki na wimbo uliobanwa tu.

Kuna watu wananiambia msikilizaji wetu yuko kwenye bajaji au ana simu mkononi, stereo ya nini. Ila huyo msikilizaji ndo sababu ya kuanza na mono! Weka mono, shusha volyumu mpaka uweze kuongea na mtu bila kupaza sauti, panga viwango vyote hapo mpaka maneno ya mwimbaji yasikike yote, na chombo kisichosikika usikiongeze, jiulize kwanza kama kina kazi kwenye hiyo sehemu. Ukimaliza ndo ufungue stereo uanze kugawa kushoto na kulia.