Natafuta Mtu wa Kutembeza Mbwa

Mwezi Mei mwaka jana nilijikuta, mimi mhasibu mstaafu wa miaka 63 ambaye sijawahi kufuga hata paka, nikiwa mlezi wa mbwa wa Unguja aitwaye Kusi, na mkononi nimeshika karatasi iliyoandikwa pande zote mbili kuhusu namna ya kumtembeza.

Kusi alikuwa wa mama mmoja wa Kizungu mwenye nyumba ya wageni kule Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na mpwa wangu ndiye aliyeajiriwa kumtembeza. Kumpata mtu wa kazi hiyo kisiwani si jambo jepesi, kwa kuwa Waislamu wengi wa kule hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi, na mate yake yakikugusa unapaswa kuosha mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu anayeswali mara tano kwa siku hawezi kufungua asubuhi yake kwa kulambwa viganja. Majirani hawakuwa na ugomvi wowote na Kusi. Walimwangalia kwa mbali, kwa adabu, naye akawaangalia vivyo hivyo. Mama yule alitafuta mtembezaji hadi akachoka, mwishowe akampata mlinzi kutoka bara, na mlinzi huyo alikuwa Mhehe. Asiyejua utani wa makabila yetu na aambiwe hapa kwamba sisi Wahehe tunasingiziwa kula mbwa, na kwamba habari za ajira ile zilipofika Iringa, simu ya mpwa wangu haikupumzika wiki nzima.

Masika yalipopunguza wageni, mama akafunga nyumba na kwenda kwao kwa wiki sita. Mpwa wangu akavuka na Kusi hadi Dar es Salaam, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kikiwa mfukoni, wakapanda mlima Kitonga, wakafika kwangu Kihesa, mjini Iringa. Siku tatu baadaye akaitwa Dodoma kwenye mafunzo, akaniachia mbwa na karatasi.

Karatasi ile ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya kisiwa. Ilinitaka nisimpitishe mchangani jua likishapanda, kwa kuwa mchanga huunguza nyayo. Nisimruhusu kulala chini ya minazi. Nisimwache aokote bunju aliyetupwa ufukweni, kwa kuwa samaki huyo ana sumu. Na matembezi marefu yafanyike maji yakipwa, kwa maana wakati wa bamvua bahari ya Jambiani hurudi nyuma mbali sana, mbwa akapata uwanja wa kukimbia kando ya mashamba ya mwani. Mstari wa mwisho ulipigiwa mistari miwili chini yake: USIIACHIE KAMBA.

Kihesa hakuna mnazi wala bunju, na bahari iko umbali wa kilomita zipatazo 500 kwa barabara. Hata hivyo, mtu aliyefunga hesabu za shule kwa miaka 30 haruki mstari. Nilipata namba ya rafiki wa mpwa wangu aliyebaki Jambiani, nikawa nampigia kila siku kumuuliza maji yanakupwa saa ngapi. Siku ya kwanza aliniambia saa tatu, ya pili karibu saa nne, ya tatu saa nne na dakika arobaini hivi, kwa kuwa maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku ya nne mke wangu alinikuta barazani saa nne asubuhi, nimevaa viatu na sweta, mbwa analia mlangoni.

"Baba Upendo, mnasubiri nini?"

"Maji yapwe."

Hakujibu. Alienda jikoni, nikamsikia akicheka peke yake hadi akakohoa.

Nikaamua kutafuta kijana wa kunisaidia, na hapo ndipo Kiswahili chenyewe kiliponigeuka. Mjini kwetu mbwa ni mlinzi: mchana amefungwa bandani, usiku anafunguliwa, na hakuna anayemtoa kwenda kupunga hewa. Kinachotembezwa ni mgeni, au bidhaa. Wachuuzi hutembeza karanga, hutembeza mayai ya kuchemsha, hutembeza mitumba. Kwa hiyo nilipofika kijiweni, mzee wa Kihehe niliyevaa koti, nikatangaza kwamba natafuta kijana wa kunitembezea mbwa, kimya kilichofuata kilikuwa cha watu wanaopiga hesabu.

"Mzee," akauliza mmoja, mtani wangu wa siku nyingi, "unamtembeza mzima mzima au kwa vipande?"

Kijana mmoja wa bodaboda alikubali kazi kwa shilingi 3,000 kwa asubuhi. Siku mbili mfululizo Kusi alirudi amechangamka, lakini nyayo zake zilikuwa safi kuliko zangu. Siku ya tatu mke wangu aliwakuta Mtwivila: mbwa amekaa mbele, juu ya tenki la mafuta, masikio yamelazwa na upepo, na abiria nyuma. Nilipomuuliza, kijana alinishangaa kwa dhati. Alisema nilimwambia amtembeze, naye amemtembeza hadi Ipogolo, na petroli hajanidai.

Basi nikabaki mimi mwenyewe. Kwa kuogopa ule mstari uliopigiwa mistari miwili, nilijifunga kamba kifundoni mwa mkono, fundo la pili juu ya la kwanza, nikatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenye baridi ya Mei, wakati pumzi inaonekana kama moshi. Tulifika barabara ya Dodoma salama. Ni barabara hiyo inayoleta samaki wa bwawa la Mtera, na asubuhi ile muuza samaki alikuwa ndio kwanza anapanda baiskeli yake, tenga la perege nyuma, limefunikwa gunia linalochuruzika maji.

Kusi alisimama. Pua yake ilifanya kazi mara mbili tatu. Nadhani kwa mara ya kwanza tangu avuke bahari alisikia harufu ya nyumbani. Baiskeli ikashika mteremko, Kusi akashika baiskeli, na mimi, kwa fundo mbili, nikamshika Kusi.

Sikuwa nimekimbia tangu mwaka 1988. Kofia ilibaki kwa fundi cherehani, kiatu cha kushoto kilibaki mtaroni, na mbele ya akina mama wauza vitumbua nilipita nimeegemea nyuma kama mtu anayezuia ng'ombe wa mahari. Ndipo nikasikia sauti ya mtani wangu kutoka kijiweni, ikipaa juu ya nyingine zote:

"Mkimbilie, mzee! Kitoweo kinakutoroka!"

Muuza samaki alitazama nyuma, akaona mbwa, akaona mzee, akakanyaga pedeli zaidi, kisha akapoteza usukani na kuingia kwenye rundo la mchanga wa ujenzi. Nikamfikia nikiwa nimepiga magoti. Perege walitapakaa mchangani, na Kusi alijilaza katikati yao kwa utulivu kabisa. Nililipia samaki kumi na moja, wawili kati yao wakiwa tayari tumboni mwake.

Kesho yake alfajiri kengele ya baiskeli ililia getini. Alikuwa muuza samaki, amefunga tenga vizuri zaidi. Alisema jana, baada ya kisa kile, watu walitoka majumbani kuuliza kulikoni na alimaliza mzigo kabla ya saa mbili. Kwa hiyo, kama sina kinyongo, yule mbwa amfuate nyuma ya baiskeli, yeye hatadai hela.

Jioni mpwa wangu akapiga simu. "Shikamoo mjomba. Mama anauliza kama Kusi amepata mtu wa kumtembeza."

"Marahaba. Amepata. Anatembezwa pamoja na perege, saa kumi na mbili kamili, maji yapwe yasipwe."